Chai Unatema, Bia Unameza

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, habari zangu ni fupi na hazifurahishi. Kiwanda cha chai nilichokitumikia tangu nitoke chuoni na diploma yangu kiliuzwa. Tukapunguzwa kazi. Mume wangu Asajile, naye wa kiwanda hichohicho, akaanza kunywa kuanzia asubuhi, na mama yake mzazi akamfukuza nyumbani. Akaenda Chunya kutafuta dhahabu. Mpaka leo sijui kama yeye ameipata dhahabu au shimo limempata yeye.

Nikabaki Mpuguso, nyumbani kwa mama mkwe, mimi na binti yangu Happyness.

Ndipo mwekezaji mmoja akafungua kiwanda kidogo cha bia karibu na Tukuyu mjini, akatangaza kwamba anatafuta waonjaji. Nikaomba. Nikachukuliwa palepale, kwa kuwa hata kwenye chai kazi yangu ilikuwa kuonja. Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama jikoni kwa mama mkwe, nina habari njema kinywani na sijui niiseme vipi.

Basi niliisema. Mimi si mtu wa kuzunguka.

Mama mkwe wangu, ambaye kila mtu anamwita Mama Asajile, ni kiongozi wa kina mama kanisani kwetu. Mume wake alitoka kwenye kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi inayonywewa ya moto kwa mrija, akateleza darajani, akaokotwa bondeni kesho yake. Tangu hapo mama aliweka sheria moja tu: mnywaji halali chini ya paa lake. Sheria hiyo ilimtoa mwanawe wa kumzaa. Mimi niliyekuja kwa kuolewa ningekuwa nani?

Na kwetu mtoto ni wa ukoo. Nikitoka nyumba ile, natoka peke yangu na sanduku langu. Happyness anabaki kwa bibi yake. Hakuna mtu Mpuguso asiyelijua hilo, na hakuna mzee ambaye angekaa kunisikiliza nikilipinga.

"Kwa hiyo unakwenda kunywa bia," alisema.

"Nakwenda kuonja, Mama."

"Tofauti yake nini?"

Nikamwonyesha. Nilichota chai kwa kijiko, nikaivuta kwa kelele kama tulivyofundishwa kiwandani, nikaizungusha ulimini, halafu nikaitema yote ndani ya bakuli lake la bati, lile jeupe lenye ukingo wa buluu. Kisha nikafungua kinywa aone. Kitupu.

Alinisogelea akachungulia kama daktari wa meno. Akachukua kijiko naye ajaribu. Cha kwanza alikimeza kwa bahati mbaya. Cha pili alikitema, kikatua kwenye kanga yake. Akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nilikuwa sijamwona akicheka tangu mwanawe aondoke.

"Kumbe ni kazi," alisema. "Basi nenda. Ila usimeze."

"Simezi, Mama."

"Sema mbele ya mtoto."

Nikamwita Happyness, nikasema mbele yake. Nilisema kwa moyo mweupe kabisa. Nilikuwa mwonjaji wa chai. Sikujua.

*

Chumba cha kuonjea kilikuwa na meza ndefu, glasi, na ndoo moja kwenye kona. Nikaiona ndoo, roho ikatulia.

Mwalimu wetu alikuwa Bwana Simon, mpishi mkuu wa bia, mtu wa Dar aliyesomea Ujerumani. Mwembamba, mpole, na kila kitu anakinusa kabla hajakikalia. Tulikuwa waonjaji wachache. Aliyejiamini kuliko wote alikuwa Boniface, aliyewahi kuwa na baa pale stendi. Alituambia yeye hafundishwi bia, ni sawa na kumfundisha samaki kuogelea.

Bwana Simon alimimina glasi ya kwanza. Boniface akaimaliza, akapangusa mdomo, akasema nzuri. Ya pili, nzuri. Ya tatu, nzuri sana. Bwana Simon akamwambia kwa upole kwamba ya tatu ilikuwa bia ileile ya pili.

Mimi nilinusa, nikavuta, nikazungusha, nikaenda kwenye ndoo nikatema. Nilirudi nikasema naona kimea, kama ganda la mkate uliotoka sasa hivi kwenye oveni. Bwana Simon akatabasamu. Akaniuliza uchungu je? Nikasema hakuna uchungu.

Akanimiminia nyingine. Nikatema. Uchungu? Hakuna.

Ya tatu ilikuwa pilsna, ambayo baadaye nilikuja kujua ina uchungu wa kukukunja uso. Nikatema. Hakuna.

Bwana Simon aliketi mbele yangu akaweka kidole kooni kwake.

"Dada Tupo, chai inakaa ulimini. Uchungu wa bia unakaa huku nyuma, na huku nyuma hufiki mpaka umeze. Chai unatema. Bia unameza."

"Na ndoo ile ya nini?"

"Ya kumwagia kinachobaki kwenye glasi."

Boniface alicheka mpaka akashika meza. Alisema katika maisha yake yote hakuwahi kuona mtu analipwa kunywa na anakataa.

Nilimweleza Bwana Simon kwamba mimi ni mtu wa kanisa na nimeahidi. Hakunibeza. Alisema anaelewa, na kwamba mtu asiyemeza hawezi kuipitisha bia, kwa hiyo atalazimika kutafuta mwingine. Alisema kwa huzuni ya kweli, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Mtu akikufokea unaweza kumfokea.

Nikajaribu ujanja. Nilitema siku nzima nikiwatazama wenzangu nyuso zao. Aliyekunja uso, nikasema chungu. Aliyelamba midomo, nikasema laini. Kwa saa kadhaa nilifanikiwa, mpaka nilipomfuata Boniface ambaye uso wake ulikunjwa na jino bovu.

Jioni Bwana Simon aliniambia kesho iwe kumeza au kwaheri.

Usiku ule nilimtazama Happyness amelala, sare yake ya shule imetundikwa ukutani. Nilitafuta njia ya tatu mpaka nikachoka. Kwenye chai hapakuwa na kazi. Maofisini walikuwa wanapunguza watu, si kuongeza. Kuuza ndizi barabarani, kila mwanamke wa Rungwe anauza ndizi barabarani, nani ananunua?

Kesho yake nilimeza.

*

Nitawaambia ukweli, kwa sababu sioni faida ya kuandika uongo gazetini. Nilidhani nitachukia. Nilidhani itakuwa kama kumeza klorokwini. Lakini ule uchungu uliposhuka, ukaniacha na kitu nyuma yake, kama harufu ya majani yaliyofyekwa, na nikaelewa kwa nini Bwana Simon hakuweza kuniachia niteme. Ni kama kusoma sentensi na kuacha neno la mwisho.

Kuanzia hapo kazi ikanikubali.

Bwana Simon alikuwa amekuja na masanduku ya chupa za huko alikosomea, za kutufundishia. Alikataza neno nzuri na neno mbaya. Alitaka useme inafanana na nini. Bia nyeusi, ile stauti, nikasema kahawa iliyoungulia sufuriani. Akaitikia. Laga ya kawaida, nikasema mkate na majani mabichi. Akaitikia. Kisha akatupa bia ya ngano, nyeupe ina ukungu kama maji ya mchele, na chumba kizima kikasema kwa pamoja, ndizi.

Akasema ndiyo, hamira yake inatoa harufu ya ndizi, huko Ulaya ni somo gumu sana.

Hapo tukaanza kugombana. Maana Ulaya ndizi ni ndizi, lakini sisi ni watu wa Rungwe, kila ndizi ina jina lake. Boniface alishikilia kwamba ni kambani mbivu. Mimi nikasema si kambani, ni malindi iliyolala kwenye majivu. Bwana Simon alikaa katikati akitugeukia kama anatazama mpira, na mwishoni akasema andikeni tu ndizi.

Mahali tulipomwangusha ni kwenye uchachu. Alitupa bia aliyoiharibu kwa makusudi, iliyochacha, tuikatae. Wote tuliipa alama za juu. Boniface alisema hatimaye, hii ndiyo imeiva. Mimi sijawahi kunywa kimpumu, lakini nimekulia kwenye harufu yake, na pua yangu iliniambia hiki ndicho kitu hai mezani, vingine vyote vimelala. Ilibidi Bwana Simon atufundishe kwa siku nyingi kwamba kwenye laga, uchachu ni ugonjwa. Nilijifunza. Boniface hakujifunza. Akahamishiwa kufungua na kufunga geti, na alifurahi, kwa sababu huko halazimishwi kufikiri anapokunywa.

Mimi nikawa mwonjaji mkuu. Bia haikutoka kiwandani kabla sijaimeza.

*

Nyumbani nilitafuna majani ya mpera njia nzima, na tangawizi mbichi mpaka midomo ikawaka. Mama Asajile hakuwa mjinga. Siku moja alinishika begani akanusa blauzi yangu.

"Unanuka bia."

"Nimetema ikanirukia, Mama."

Akanitazama. Akakumbuka kanga yake siku ile ya kijiko. Akaniambia nivue aifue.

Nilisimama pale nimeshika kitambaa kifuani, yeye anafua uongo wangu kwa sabuni yake. Kila nilichoweza kusema kingenitoa mlangoni.

Mngetegemea kwamba shida yangu ilikuwa asiniamini. Hapana. Shida yangu ni kwamba aliniamini.

Jumapili moja, baada ya ibada, alisimama mbele ya kina mama akaanza kunitolea ushuhuda. Alisema majaribu yako kila mahali lakini wapo wanaoyashinda. Alisema mkwe wake Tupokigwe anashinda na bia mdomoni kutwa, na tone haliingii tumboni. Kina mama wakaitikia amina. Mmoja alilia. Mume wake alikuwa hajarudi nyumbani tangu Ijumaa.

Wakaniomba nami niseme neno. Nikasimama, nikasema nawashukuru, nikakaa. Waliuona huo kuwa unyenyekevu.

Kuanzia siku hiyo wanawake wenye waume walevi walikuja nyumbani niwaombee. Niliwaombea. Mnaonicheka, mngefanya nini?

Mara kadhaa nilikaribia kumwambia. Mara moja nilimkuta anamenya ndizi, peke yake, nikakaa karibu, nikasema Mama, kuna jambo kuhusu kazi yangu. Akasema hata yeye ana jambo. Amesikia bia yetu inazinduliwa Tukuyu mjini, ukumbini, na wazee wamealikwa. Yeye na kina mama wenzake watakuja.

Nikamuuliza kina mama wa kanisa waje kwenye bia kufanya nini.

"Waone unavyotema," alisema. "Wengine hawaamini."

*

Bia yetu iliitwa Ngosi, kwa jina la lile ziwa la mlimani. Bwana Simon aliliona jina zuri. Hakujua kwamba wazee wanaliogopa ziwa lile kwa hadithi zake za kutisha, wala hakujua vijana wangelisikia kama ngozi, waulize ni ya ng'ombe au ya mbuzi. Waliuliza tangu bango lilipotundikwa.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Ukumbi ulijaa. Wazee walikaa mbele, makoti yaliyolowa yametundikwa kwenye viti. Vijana walijipanga ukutani na macho kwenye kreti. Nyuma kabisa, karibu na mlango, walikaa kina mama wa kanisa na soda zao, na katikati yao Mama Asajile, mgongo umenyooka. Mapajani alipakata kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Mwonjaji hana kazi siku ya uzinduzi. Ningekaa pembeni, ningeshughulikia glasi, nisionje chochote. Asingeniona nikitema, wala asingeniona nikimeza.

Bwana Simon alihutubia vizuri. Alisema sasa ni soko huria, na Rungwe imepata bia yake, imepikwa kwa maji ya Rungwe. Watu wakapiga makofi. Chupa ya kwanza ikapelekwa kwa Mzee Ackson, mkubwa kuliko wote pale ndani.

Mzee Ackson ni mdogo wake marehemu baba mkwe wangu, kwa hiyo naye kwangu ni baba mkwe. Kwa desturi yetu simtazami usoni, na yeye hasemi nami moja kwa moja. Yeye hakuwa mtu wa kanisa sana. Alikuwa mtu wa desturi.

Hakuipokea chupa.

"Ndaga," alisema, akishukuru kwa lugha yetu. "Nani ameipika?"

Bwana Simon akasema kwa fahari kwamba ni yeye.

Ukumbi ukacheka. Mzee Ackson hakucheka. Alieleza taratibu, kama anamweleza mtoto, kwamba pombe inapikwa na mwanamke, na mwanamke mwenye chungu ndiye anayekunywa wa kwanza, mbele ya wageni, ili wageni wajue hamna kitu ndani. Ndivyo walivyofanya mama zao. Asiyekunywa pombe yake mwenyewe, wageni wanavaa makoti yao.

"Lakini Mzee, chupa ina kizibo," Bwana Simon alisema.

"Sumu inatangulia kizibo."

Wazee wakaguna kukubali. Mmoja aliyekuwa ameshafunguliwa chupa aliiweka sakafuni, akaisogeza mbali kwa mguu. Kijana mmoja ukutani akarudisha ya kwake kwenye kreti. Mwekezaji, aliyekaa meza kuu, akamtazama Bwana Simon, na nikaona shati la Bwana Simon linalowa jasho pamoja na baridi ile yote.

Ndipo akafanya kile ambacho mtu mwema hufanya akitaka kusaidia. Alininyooshea mkono.

"Wazee wangu, mwanamke yupo. Huyu ni mwanenu, dada Tupokigwe wa Mpuguso. Bia hii haikutoka kiwandani mpaka yeye aikubali. Chungu ni chake."

Vichwa vyote vikageuka.

Mzee Ackson aligeuza uso akautazama ukuta. "Ni mkwe wetu," aliuambia ukuta. "Kama ni yeye, inatosha. Mwambieni anywe."

Nilitoka pembeni. Njia kutoka pale mpaka mbele ni hatua chache, na ndani ya hatua hizo niliona mambo yote yalivyokaa. Nikitema mbele ya wazee, nimewaambia kwamba bia ina sumu. Hakuna mtu angeigusa Ngosi tena, kuanzia Tukuyu mpaka Kyela, na kazi yangu ingeishia palepale. Nikimeza, mama mkwe wangu yuko mlangoni na kina mama wake.

Nilitafuta tena njia ya tatu. Nikadhani nimeipata: nimeze kidogo, polepole, shingo isichezecheze. Nyuma ni mbali. Macho yake si ya usichana tena. Atadhani nitatema nje.

Bwana Simon akanipa glasi. Nikanusa. Ilikuwa bia nzuri, na hapa nalitumia lile neno alilolikataza: mkate, majani mabichi, safi kabisa, hamna uchachu. Nikavuta, nikazungusha, nikameza. Uchungu ukashuka mahali pake.

Nikaiweka glasi chini, nikainamisha kichwa kwa wazee.

Kisha Mzee Ackson akauambia ukuta kwamba sasa ni sawa, akanyoosha mkono apewe chupa. Vijana wakashangilia. Vizibo vikaanza kulia. Mwekezaji akakaa vizuri kwenye kiti. Nikapumua.

"Bado," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Mama Asajile alikuwa amesimama.

"Msinywe bado. Hajatema."

Alikuja mbele kwa mwendo wake uleule wa kwenda madhabahuni. Watu walimpisha. Aliwaambia wazee, bila ukali, kwamba wasimharakishe mkwe wake. Kwamba yeye ni mtu wa ahadi, hajameza pombe tangu azaliwe na hatameza kwa sababu ya wazee wala wazungu wala nani. Ameishikilia tu mdomoni kwa heshima yao, mpaka atakapopata pa kutemea.

"Hamezi huyu," alisema. "Mimi naishi naye. Muulizeni mtu yeyote kanisani."

Kina mama kule nyuma wakaitikia kwamba ni kweli.

Mkono wa Mzee Ackson ukabaki hewani. Kisha ukarudi taratibu mapajani kwake.

"Kumbe hajanywa," alisema.

Neno hilo likapita ukumbini kwenda nyuma na kurudi. Hajanywa. Ameifungia mdomoni. Anajua kilichomo. Mzee mmoja tayari alikuwa anavaa koti. Kijana aliyekuwa ameshapiga funda alikimbilia mlangoni kutapika mvuani. Bwana Simon alinitazama kama mtu anayezama anavyotazama ufukwe. Alisema dada Tupo, waambie. Waambie tu.

Mzee Ackson aligonga fimbo sakafuni mara moja.

"Mwambieni mkwe afungue kinywa," aliuambia ukuta. "Tuone."

Mama Asajile alikuwa ameshanifikia. Alifungua kitambaa alichokuwa amepakata. Ndani lilikuwa lile bakuli lake la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu. Alikuwa amelisugua likang'aa.

Akalikinga chini ya kidevu changu kwa mikono miwili. Aliniangalia kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake hata siku ile alipocheka jikoni.

"Tema, mwanangu," alinong'ona. "Usiwaogope hawa. Niko hapa."

Nilitafuta hata mate. Ulimi ulikuwa mkavu kama karatasi. Na hata ningeyapata, mate mbele ya wazee ni sumu ileile.

Bakuli lilikuwa linasubiri. Wazee walikuwa wanasubiri. Kinywani mwangu hamkuwa na kitu.

Nikafungua.